Mwongozo wa Mpenda Vya Bure

Unapenda vya bure. Sogea karibu, usione haya, tuko wengi. Simu yako ina PDF ambazo hukuzinunua, flashi yako ina muvi ambazo hujui zilitoka wapi, na grupuni wewe ndiye unayesubiriwa mtu akiuliza, "Wakuu, nani ana kile kitabu?" Sikukatazi. Nataka tuifanye kazi hii vizuri zaidi: upate vingi, ugawe vingi, usifiwe kwa ugawaji wako, na usiku ukilala asiwepo mwandishi wala mwanamuziki aliyelala na njaa kwa sababu yako.

Sharti hilo la mwisho ndilo pekee ninalokupa. Kabla hujanakili kitu jiulize: nani alikitengeneza, na mimi nikikichukua yeye anapungukiwa nini? Ukiona hapungukiwi na kitu, nakili mpaka simu ikuambie imejaa. Ukiona kuna mtu anapungukiwa, endelea kusoma.

Hatua ya kwanza. Anza na marehemu.

Marehemu wa siku nyingi hawadai, na wana vitu vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi ya mwandishi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya nayo wanahesabu 50. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003 na chombo chao, COSOZA, kama Bara walivyo na COSOTA. Jifunze kuhesabu miaka hiyo, kwa maana humo ndimo kilipo cha bure kisicho na lawama.

Chukua kalamu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Ongeza 50, unapata 2012. Mwaka huo ulipoisha, kwa hesabu ya sheria ya Bara, vitabu alivyochapisha akiwa hai vikawa vya umma, Kusadikika cha mwaka 1951 kikiwemo. Unaweza kukaa ukakichapa upya chote kwa kompyuta yako, ukamgawia kila mtu mtaani, na hakuna atakayekugongea mlango. William Shakespeare alifariki mwaka 1616, mchukue mzima mzima. Ila angalia hapa: Juliasi Kaizari ya Kiswahili si ya Shakespeare peke yake. Aliitafsiri Mwalimu Nyerere, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963, na Mwalimu alifariki mwaka 1999. Tafsiri hiyo inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Mzee wa Stratford ni wa bure, Mzee wa Butiama bado.

Angalia na toleo pia. Mchapishaji akimtoa Shaaban Robert leo kwa jalada jipya, utangulizi mpya na maelezo mapya, hivyo vipya vina mwenyewe. Tafuta toleo la zamani, uchukue maneno ya marehemu tu.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Internet Archive. Huko utakuta hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere, chapa ya mwaka 1870. Utakuta kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Pakua, soma, gawa, hata uzichape uuze ukitaka.

Tafuta pia Desturi za Wasuaheli, na ukiipata tulia kidogo. Kitabu hicho kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, na jina lililokaa mbele ni la Carl Velten, mkusanyaji. Lakini sehemu kubwa ya maelezo yaliyomo, uzazi, jando, ngoma, harusi, yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani yetu aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na akafia hukohuko mwaka 1927. Muda wake umekwisha, pesa haidaiwi. Jina linadaiwa. Ukiirusha grupuni, andika jina la Mtoro juu kabisa, kabla ya la Velten. Kumtaja hakukugharimu hata senti, na kumficha ni dhuluma ambayo hiyo miaka 50 haiifuti.

Hatua ya pili. Mwombe mwenyewe.

Hii ni yako, mwanafunzi wa chuo. Unatafuta makala moja ya tasnifu, unaikuta imefungwa, na jarida linakudai dola 30 au zaidi kwa kurasa kumi na tano. Moyo unakuuma. Sasa nikuambie wanachokijua watu wa ndani: mtafiti aliyeiandika makala hiyo kwa kawaida hakulipwa kuiandika, na hizo dola zako hazimfikii. Yeye anachokitaka ni kusomwa na kunukuliwa. Ana njaa ya jambo hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu kupanda cheo kwake kunategemea hilo.

Kwa hiyo mwandikie. Anwani yake mara nyingi iko ukurasa wa kwanza wa makala, hata ile iliyofungwa. Mistari mitatu inatosha: "Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, naandika kuhusu methali za Waswahili, na makala yako ndiyo inayotajwa kila ninapogeukia. Chuo chetu hakina jarida hilo, naomba unisaidie nakala." Wengi watakutumia, na wengine watakuongezea mbili ambazo hukuziomba. Umepata bure, umemfurahisha mtu, na sasa una profesa anayekujua jina.

Najua unaijua Sci-Hub, tovuti inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji, aliyoianzisha Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan mwaka 2011. Kisheria ni uharamia. Mahakama ya New York mwaka 2017 iliamuru wachapishaji wa Elsevier walipwe dola milioni 15, na sitakudanganya kwamba jambo hilo lina utata mbele ya sheria. Mbele ya dhamiri lina utata, kwa sababu anayepungukiwa hapo si mwandishi. Lakini njia za halali zimekuwa nyingi kiasi kwamba huna haja ya kubishana na dhamiri. Muulize mkutubi wa chuo kuhusu Research4Life, mpango unaovifungulia vyuo vya nchi kama zetu majarida ya kimataifa bure au kwa bei ndogo. Wako wakutubi wanaokaa mwaka mzima bila mtu hata mmoja kuwauliza swali hilo. Kwa mambo ya Kiswahili una bahati zaidi: majarida Kiswahili na Mulika, yote ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yako mtandaoni, na Swahili Forum lipo wazi kwa kila mtu.

Hatua ya tatu. Pokea kilichokwisha kutolewa.

Hapa nitapita haraka, maana kazi yako ni kunyoosha mkono tu. Nyimbo: Mdundo, iliyoanzia Kenya, inakuruhusu kupakua bure na inawagawia wasanii mapato ya matangazo. Hadithi za watoto: African Storybook wana hadithi nyingi, za Kiswahili zikiwemo, na leseni yao inakuruhusu kuzichapa na kuzigawa. Programu: achana na kreki za mtaani zinazokuja na virusi, weka LibreOffice. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatupa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004, na wengi wetu tuliendelea kutafuta kreki.

Hatua ya nne. Fuata pesa yako inakokwenda.

Hapa nataka ukae vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaodhani tunakula bure tunalipa kila siku. Tunamlipa asiyehusika.

Kitazame kibanda cha kuingiza muvi na nyimbo, kile cha karibu na kituo cha daladala. Kompyuta moja, diski mbili za nje zinaning'inia kwa waya, kaunta buku lenye orodha ya sizoni kwa kalamu ya buluu: za Kikorea, za Kituruki, za Kihindi, za Kibongo. Unampa kijana flashi, unamwambia, "Niwekee mpya mpya." Anakuuliza unataka zilizotafsiriwa au hazijatafsiriwa. Anabofya, mnangoja mstari wa kijani ujae, unatoa elfu moja. Kijana amekula. Umeme umelipwa. Mwenye fremu amepata kodi yake. Aliyeandika muvi, aliyeicheza na aliyeshika kamera hawakuonja kitu. Hapo usijiite mpenda vya bure. Wewe ni mteja, tena mteja mwaminifu, wa biashara ambayo mali yake haikununuliwa.

Nenda sasa kwenye steshenari ya jirani na chuo. Riwaya ya kurasa 200, karatasi moja inabeba kurasa mbili, tuseme kila karatasi shilingi 100. Umeshafika elfu kumi, na bado hujalipia baindingi. Kwa pesa hiyohiyo, au pungufu, riwaya nyingi za Kiswahili unazipata dukani, zikiwa na jalada la rangi na kurasa zote zimenyooka. Umelipa bei ya kitabu, ukabaki na nakala iliyofifia pembeni, na mwandishi hajaona hata shilingi. Kabla hujatoa kopi, uliza bei ya kitabu chenyewe. Piga simu dukani. Mara nyingi utagundua ulikuwa unakwepa gharama isiyokuwepo.

Niseme neno moja la haki kuhusu waliotafsiri filamu kwa sauti. Marehemu Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kama Lufufu, aliwasimulia Watanzania filamu za nje kwa Kiswahili hadi watu wakawa wananunua kanda kwa ajili ya sauti yake. Kenya wana DJ Afro. Hiyo ni kazi ya sanaa, naiheshimu bila kificho, na ilizaliwa kwa sababu wenye filamu hawakuona haja ya kutuletea katika lugha yetu. Natamani wasimuliaji wa namna hiyo wapewe mikataba, wao wapate chao na mwenye filamu apate chake. Ila filamu ya Kibongo ina lugha yetu tayari na mwenyewe yuko hapahapa mjini. Hiyo usiitie kwenye flashi. Itazame kwenye chaneli ya YouTube ya mwenyewe, na tangazo likikukatiza, liache liishe. Ndilo linalomlipa.

Hatua ya tano. Chagua visingizio vyako kwa uangalifu.

Kila mpenda vya bure ana kisingizio, na vingine ni vibovu kabisa. Nikusaidie kuvichambua.

"Mimi namtangaza." Inawezekana. Lakini anayeamua kutangazwa ni yeye. Mwanamuziki aliyeweka wimbo wake YouTube ameshaamua, msambaze bila wasiwasi. Mwandishi anayeuza hadithi yake sehemu kwa sehemu WhatsApp, wasomaji wakimtumia pesa kwa simu ili wapate sehemu inayofuata, naye ameamua, na ameamua vingine. Ukiichukua sehemu ya kumi na mbili jioni ileile ukaitupa kwenye grupu la watu 200, umemfungia duka akiwa bado ndani anahudumia wateja. Kisingizio hiki kitupe.

"Hakimiliki ni mambo ya wazungu matajiri." Hiki nakuomba ukiache leo, na nitakueleza kwa nini. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi wimbo Mbube mwaka 1939. Aliuachia kwa shilingi kumi. Wimbo ukaenda Marekani, ukageuzwa kuwa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa dunia nzima, ukaingia kwenye filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikuwa amefariki tangu 1962, mwaka uleule aliofariki Shaaban Robert, na alikufa maskini. Binti zake hawakupata haki kwa huruma ya mtu. Waliipata kwa sheria: mawakili walikwenda kufukua sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, wakaishtaki Disney, na mwaka 2006 kesi ikamalizwa kwa mapatano na familia ikalipwa. Maskini hao hawakuwa na silaha nyingine yoyote dhidi ya kampuni kubwa namna hiyo. Tukiizoea dharau ya kusema hakimiliki si kitu, siku kampuni ya nje itakapochukua wimbo wa Tanga au wa Kisumu hatutakuwa na mdomo wa kulalamika.

"Sina hela." Hiki ni kisingizio cha kweli, na dawa yake ipo. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, imefunguliwa tangu mwaka 1967, na mikoani ziko nyingine. Kitabu kimoja pale kimelipiwa mara moja na kinasomwa na watu mia, na mwandishi anafurahi. Azima kwa rafiki pia. Kitabu cha karatasi kinachopita mkono kwa mkono hakijawahi kumdhuru mwandishi yeyote, kwa sababu mkopeshaji hubaki bila nacho mpaka kirudi. Na kuna mchango: watu watano, kila mmoja elfu mbili, kitabu kimoja, zamu ya wiki moja moja. Wiki ya sita mkae mkijadili. Tayari mna kikundi cha usomaji, na mmekipata kwa ubahili.

"Hakipatikani." Hapa ndipo penye uzito, na sitaki kupita juu juu. Riwaya nyingi nzuri za Kiswahili hazichapwi tena. Unaingia duka la kwanza, la pili, la tatu, muuzaji anatikisa kichwa. Mchapishaji amefunga au amehama. Kisha siku moja inakuja PDF iliyopigwa picha kwa simu: kidole gumba cha mpigaji kinaonekana pembeni, chapa ya CamScanner iko chini ya kila ukurasa, ukurasa wa 43 haupo, na mahali fulani kivuli cha kichwa cha mtu kimefunika mistari sita. Unaisoma yote. Unalia palipo pa kulia. Siwezi kukuambia kwamba mtu aliyekaa usiku kupiga picha kurasa 180 ili hadithi isipotee ni mwizi sawa na yule wa kibanda cha flashi. Alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na wachapishaji na maktaba zetu.

Ila kisingizio hiki kina masharti, nawe uyatimize. Kwanza, thibitisha kwamba kweli hakipatikani. Kuuliza duka moja hakutoshi. Pili, mtafute mwandishi au warithi wake. Waandishi wetu wako Facebook, watoto wao wako Instagram, si kazi ya kukushinda. Waambie, "Tunacho kitabu cha mzee, watu wanakitafuta, mnaruhusu?" Ukiwapelekea pia orodha ya watu walioulizia, umewapa hoja ya kumpelekea mchapishaji. Tatu, siku kitabu kikichapwa upya, ifute ile PDF kwenye grupu na uweke tangazo la toleo jipya mahali pake. Hakikisha wewe ndiwe wa kwanza kulitangaza.

Hatua ya sita. Gawa kwa namna itakayokupa sifa.

Tuzungumze ukweli kuhusu kwa nini unarusha vitu grupuni. Huruma ipo, lakini zaidi unapenda zile "Asante sana mkuu" na vile vidole gumba vinavyofuata. Ni sawa kabisa. Tamaa hiyo ya kusifiwa inaweza kufanya kazi nzuri.

Anayetupa PDF grupuni anapewa asante ya dakika mbili, kisha anasahaulika, kwa kuwa PDF ileile ipo katika magrupu mengine kumi. Wewe fanya hivi. Piga picha jalada la kitabu ukiwa umekishika. Andika mistari mitano ya kwa nini watu wakisome, kwa maneno yako, bila kumaliza utamu. Nukuu aya moja. Sheria inakuruhusu kunukuu sehemu ukimtaja mwandishi na kitabu. Weka jina kamili la mwandishi, bei, na namba ya duka linalokiuza. Maliza kwa kusema kwamba wa kwanza kukuandikia faragha utamwazima nakala yako. Sasa wewe si mtu wa kutupa mafaili. Wewe ndiye unayejua vitabu, na watu watakuuliza wewe kabla ya kununua chochote. Hakuna PDF iliyowahi kumpa mtu heshima hiyo.

Na kwa muziki, ukituma linki ya chaneli ya msanii mwenyewe badala ya faili, kila anayeigusa anamhesabia msanii. Faili la MP3 uliloligeuza mwenyewe halimhesabii kitu. Kidole ni kilekile, bando ni lilelile.

Hatua ya saba. Ukishindwa, shindwa kwa adabu.

Utashindwa. PDF itakuja saa nne usiku, ya riwaya uliyoisubiri mwaka mzima, mwandishi yuko hai, kitabu kinauzwa, nawe umefungua "niangalie mwanzo tu". Saa nane usiku umemaliza. Nilikwambia tuko wengi.

Usijitese, na usijitetee. Lipa. Sasa nikufundishe hesabu ambayo itakurahisishia maisha. Katika mikataba mingi ya vitabu mrabaha wa mwandishi huzunguka asilimia 10 ya bei. Kitabu cha shilingi 10,000 humpa mwandishi kama 1,000. Basi mtafute mwandishi huyo, muulize namba yake, mtumie elfu moja kwa simu, na uweke ujumbe: "Nimesoma kitabu chako kwa PDF niliyotumiwa. Hii ni haki yako. Sura ya tisa sitaisahau." Kwa elfu moja mwandishi huyo hajapungukiwa na kitu ukilinganisha na kama ungenunua dukani. Mhariri, mchapishaji na mwenye duka bado wanakudai, na hao nao wana watoto, kwa hiyo kitabu chake kinachofuata kinunue dukani ukamilishe. Lakini umeanza kwa aliye katikati ya jambo.

Unaona aibu kumtumia mtu mzima elfu moja? Nenda kwenye taarab. Mwimbaji akifika pale panapowagusa watu, mama mmoja anainuka kutoka meza ya nyuma, anakwenda akicheza taratibu, noti iko juu hewani ili kila mtu aione, anaizungusha, anamtunza mwimbaji, anarudi kwenye kiti chake amenyanyua kidevu. Inaweza kuwa elfu mbili tu. Hakuna anayemcheka, na wengine wanainuka nyuma yake. Sisi wa pwani na wa bara tulijua siku nyingi kwamba mcheza kwao hutuzwa, na kwamba anayetuza anaruhusiwa kuonekana. Basi na wewe onekana. Baada ya kutuma hiyo elfu, piga picha ya muamala, ficha namba, iweke kwenye status: "Nimemtunza mwandishi wa kitabu nilichosoma juzi." Ringa. Watu watano wakikuiga kwa ajili ya kuringa, mwandishi amepata elfu tano, na shilingi hazitambui nia iliyozituma.

Ukishindwa mara ya pili, fanya vivyo hivyo. Ukishindwa kila mwezi, weka kiasi cha kudumu: elfu mbili kila mwisho wa mwezi kwa msanii mmoja uliyemla bure.

Sasa niwageukie ninyi waandishi, wanamuziki na wachapishaji, maana najua mmesoma mpaka hapa mkinuna. PDF za vitabu vyenu zitaendelea kuzunguka, na hamna polisi wa kukaa ndani ya kila simu. Basi zipeni kazi ya kufanya zinapozunguka. Chapeni Lipa Namba yenu kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, tena chini ya kila sura, na sentensi mbili: "Umesoma bure? Mtunze mwandishi hapa." Kidole gumba cha mpigaji picha hakitaifunika kila mahali. Uzeni pia sura moja moja kwa bei ya soda, kwa sababu msomaji mwenye mia tano yupo na anataka kuwapa, ila hajaona pa kuiweka. Na kitabu kilichoisha sokoni, kirudisheni, hata kwa PDF halali ya elfu tatu, kabla mtu mwingine hajakipiga picha.

Nawe mpenda vya bure mwenzangu, kabla hujafungua kingine, fungua orodha ya vile ulivyokwisha soma. Chagua kimoja ambacho mwandishi wake yuko hai. Mtafute leo, mwombe namba, mtumie elfu yake.